Maji Kinywani mwa Mzee wa Ronge

Nianze na hili ili tusipotezeane wakati: sikuwa nimelewa, sikuwa nimelala, na haikuwa usiku. Watu wakisikia habari za namna hii hutaka giza, mbwa wanaobweka na taa iliyozimika. Mimi yalinikuta mchana, saa za watu kula chapati na maharagwe, jua la Voi likiwaka hadi lami inanata kwenye soli za viatu. Ukitaka kunibishia, nibishie nikimaliza. Na ukibaki na shaka, nenda Mwatate, uliza njia ya kupanda Ronge, halafu uliza nyumba ya marehemu Mzee Mwakina. Watakuonyesha kwa kidevu. Hawatakupeleka.

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu nilishindwa kukaa. Nimepakia ndizi Taveta, upande wa Bomeni, nimekata mkonge, nimeosha malori pale yanapolala Voi. Sehemu moja hunichosha haraka. Lakini nina ugonjwa mmoja: nikiona kitu kinafanya kazi na sijui kinafanyaje, sipati usingizi. Ndivyo nilivyoingia kwenye kompyuta. Nilikuwa nafagia saiba, duka la intaneti, ya Bi Mwanaisha pale Kaloleni mjini Voi, mama wa Pwani aliyehamia Voi kumfuata mume aliyefanya kazi ya reli. Nafagia, naangalia. Nafagia, nauliza. Mwishowe akaninyang'anya ufagio. "We mwana," akaniambia, "kaa kwa hiyo mashine, ufagio nitaushika mwenyewe."

Hapo ndipo Wakesho alipotupata.

Wakesho alikuwa mwanamke wa makamo, karani katika ofisi moja mjini, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kucheka kwa sauti. Baba yake, Mzee Mwakina, alikuwa anaishi peke yake juu Ronge, kando ya msitu, na Wakesho alitaka awe anamwona kila siku. Nikamuuliza mbona asimnunulie simu ya kuonana. Akasema mzee hataki kushika simu, na akishikishwa huielekeza kwenye dari. Alitaka kamera itundikwe ukutani, iwashwe, basi, naye amwangalie kutoka Voi.

"Na wewe huwezi kupanda mara moja moja, dada?"

Akanieleza. Mvua za mwaka uliotangulia alikuwa amemwomba mzee ateremke, wakae pamoja Voi. Mzee akakataa kabisa. Wakabishana mbele ya majirani, Wakesho hasira zikampanda, akamwambia baba yake: "Basi kaa na huo msitu wako. Ndio utakaokuzika." Tangu siku hiyo hakuwa amepanda. Si kwamba alimchukia. Aliona haya.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana bila hapa hutaelewa yaliyofuata. Intaneti ya kule kwa mzee ilikuwa ya laini ya simu. Laini hizo hazimpi mtu mlango wake mwenyewe. Kampuni inawaweka watu wengi nyuma ya ukuta mmoja, na ukutani kuna mlinzi. Wenye vyeti huuita ukuta wa moto, sisi mafundi wa mtaani tunasema fayawoli. Ukiwa nje ukabisha, mlinzi anakufukuza. Lakini aliye ndani akitoka kuita, mlinzi anamwacha apite, na anayeitikia anaruhusiwa kuingia kwa njia ileile. Kwa hiyo hujaribu kuingia. Unaiambia kompyuta ya ndani: wewe ndiwe upige. Ukikatika, piga tena. Usichoke.

Tatizo, hata saiba yetu ilikuwa nyuma ya ukuta. Wawili walio ndani hawawezi kufikiana. Basi unakodi mashine ya tatu huko ng'ambo, isiyo na ukuta, na wote wawili mnaipigia hiyo. Yenyewe haina habari na maneno yenu. Kazi yake ni kusimama katikati na kupitisha. Nakuomba uikumbuke hiyo mashine ya katikati.

Nilipanda Ronge na kompyuta ndogo, betri na sola. Mzee Mwakina alinipokea uani, mrefu, mkavu, na koti zito lenye kiraka cha gunia kwenye kiwiko. Alinitazama nikipigilia msumari ukutani wa kutundikia kamera.

"Kijana, hii yako inaingiza watu kwangu?"

"Hapana, Mzee. Aliye nje hawezi kuingia. Mashine yako ndiyo inayotoka kuita. Ikiita na mimi nikiitikia, hapo ndipo tunaonana."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wazungu wamechelewa hivyo!" Akanyoosha fimbo kwenye msitu uliokuwa nyuma ya nyumba, mweusi, umeshikana. "Ile ni fighi. Wazee wetu waliiweka ilinde nchi. Adui akija kutoka nje atazunguka humo mpaka miguu imwishe. Hapiti, labda mtu wa ndani atoke amwite."

"Basi Mzee, ni kitu kilekile."

"Si kilekile. Ya kwenu, anayeita akifa inakuwaje?"

Nikajigamba. Nilikuwa nimeifanya kazi nzuri na nilitaka asifie. "Mashine haifi, Mzee. Nimeiambia ikikatika ipige tena. Isichoke."

Hakucheka tena. Aliitazama ile kompyuta kwa muda. "Hata mimi huchoka, kijana," akasema, kisha akanipa viazi vya kuchemsha nile.

Ikafanya kazi. Ofisini kwa Wakesho hawakuruhusu mambo kama hayo kwenye mashine zao, kwa hiyo alikuja kwetu kila mchana na chakula chake kwenye kopo. Alikula akimwangalia baba yake akila. Mzee alikaa kwenye kigoda, kikombe cha bati mkononi, hasemi sana. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini nilikuwa nikimwona Wakesho akimeza tonge na neno pamoja. Ile kauli yake ilikuwa bado iko kati yao, na hakuna aliyeigusa.

Kisha mvua kubwa zikaja, na mzee akaanza kuishiwa nguvu. Mchana mmoja alisogea karibu na kamera mpaka tukaona mishipa ya macho yake.

"Wakesho. Panda uje. Nina kitu moyoni juu yako. Nataka nikitoe, kabla hakijatuzidi sisi wawili."

Hapa lazima nieleze kidogo, mimi ambaye si Mtaita. Baba yangu ni Mkamba wa Maungu. Wataita wa zamani wana jambo wanaloliita kutasa. Mtu akiwa na hasira na mwenzake, hasa mzazi na mwana, hasira hiyo huaminika inaweza kuumiza hata kama mwenyewe hataki iumize. Basi huchukua maji kinywani, au pombe ya miwa, akayapuliza yakaruka kama manyunyu, na kusema maneno ya kuitoa hasira na kuweka amani. Wakesho ni mtu wa kanisa, lakini hilo alilijua tangu utotoni.

"Baba, barabara imekatika. Magari hayapandi. Tufanye hapa hapa. Si tunaonana?"

"Mate hayapiti kwenye waya, mwanangu."

"Baba, hata kanisani siku hizi wanaombea watu kwa simu."

Nilitaka kusema kitu, lakini haya ni mambo ya watu na baba yao, utasema nini? Mwishowe mzee akachukua kikombe cha bati. Akajaza maji kinywani, mashavu yakavimba. Akainua uso kuelekea kamera.

Hapo laini ikakatika.

Niamini, nilifanya kila nililolijua. Kule juu mashine ilikuwa inapiga, inapiga, mvua inaimeza. Iliporudi hewani tuliona kigoda kimelala ubavu, na kikombe sakafuni. Majirani walimkuta amekwisha kata roho. Waliomwosha walisema kinywa kilikuwa kimefumbwa kabisa, na hawakuweza kukifungua.

Wakamzika uani, wakaweka saruji, kwaya ikaimba. Baba mdogo wake Wakesho akafunga nyumba kwa kufuli. Betri na sola akazichukua kwake. Kompyuta na kamera aliviweka ndani ya gunia, akanikabidhi mwenyewe pale Kaloleni. "Vitu vyako hivi," akasema, "sitaki kuviona huko." Nikalisukuma gunia chini ya meza yangu, nikaliwekea miguu juu.

Wiki zikapita. Mchana mmoja saiba ilikuwa tupu, Bi Mwanaisha anaswali nyuma ya pazia. Kwenye skrini yangu ikatokea ile alama ndogo inayosema kuna mashine inabisha. Nikalisoma jina. Jina nilikuwa nimeliandika mwenyewe: Ronge.

Nilifikiri nini? Nilifikiri kuna mtoto wa mtu ameiwasha kompyuta ile. Kisha nikakumbuka miguu yangu iko juu ya nini. Nikainama, nikalifungua gunia. Kompyuta ilikuwemo, na waya wake umezungushwa vilevile nilivyoupokea. Nikaigusa, baridi. Nikainuka. Alama bado inabisha.

Mwenye akili angeenda nje kununua maji ya baridi. Mimi na ugonjwa wangu nikaitikia.

Kikaja chumba kile. Ukuta uleule, dirisha lilelile, kigoda kimesimama wima. Na Mzee Mwakina amekaa juu yake, amenigeuzia uso, na mashavu yamevimba maji.

Sikupiga kelele. Nilizima skrini kwa kiganja, kama mtu anayefunika mdomo wa mtoto. Kiganja changu kilikuwa bado kwenye skrini Wakesho alipoingia; mazoea yalikuwa hayajamtoka, bado alikuja kulia chakula chake kwetu. Aliniona, akaiona skrini, akaiwasha kabla sijasema.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Alivuta kiti, akakaa, akasema polepole, "Baba."

Mzee hakujibu. Mtu ana maji kinywani, atajibu vipi?

Tangu siku hiyo tulimpoteza. Akawa anakuja asubuhi badala ya kwenda kazini. Anakaa, anamtazama baba yake, naye baba anamtazama. Hakuna aliyesogea. Mwanzoni alikuwa akiongea naye, anamwomba msamaha kwa Kidawida, lugha ya Wataita, na kwa Kiswahili. Kisha maneno yakapungua. Kisha nikaona anaitikia kwa kichwa tu. Bi Mwanaisha akampa chai, akaipokea, akaiweka kinywani, na haikumezwa. Mashavu yakabaki yamevimba.

"Meza, mwanangu," Bi Mwanaisha akambembeleza. "Meza basi, Wakesho."

Akatutazama kwa macho ya mtu anayezama. Tulipomlazimisha kuinama, hakuna kilichotoka. Lakini mashavu hayakushuka, na neno halikutoka tena. Hospitali wakaangalia koo, wakasema halina kitu. Watu wa kwaya wakaja kuomba. Bi Mwanaisha akasoma dua mpaka sauti ikamkauka. Mwili wa Wakesho ulikuwa unanyauka kama mboga iliyong'olewa, na sote tuliona anakokwenda: anakwenda kukaa kwenye kigoda cha pili.

Nilijaribu kufunga. Nilifuta kila kitu kwenye ile mashine ya katikati, hata kukodi nikaacha. Nikang'oa waya saiba nzima. Kesho yake alama ikabisha kwenye kompyuta ya Bi Mwanaisha, ile ya kuchapishia picha za pasipoti. Ndipo nikakiri nilichokuwa nakijua tangu mwanzo. Njia hii hufunguliwa kutoka ndani. Na mimi ndiye niliyeiambia isichoke. Aliyetaka kuifunga ilibidi aende kwenye kile chumba.

Nilipanda Ronge asubuhi moja, Voi ikiwa tayari inawaka. Kule juu kulikuwa na ukungu. Baba mdogo alinipa ufunguo kupitia dirishani, na hakunikaribisha ndani.

"Utaenda na mimi, Mzee?"

"Huko? Hapana. Nyumba hiyo mbuzi wangu wenyewe hawaikaribii." Akafikiri kidogo. "Ukiona mtu njiani, msalimie."

Njia inapita ukingoni mwa fighi. Ukungu ulikuwa mzito hadi naona viatu vyangu tu. Mbele yangu nikaona mtu anatembea polepole, mrefu, koti zito. Moyo ukatulia kwanza, unajua mtu ukiwa peke yako. Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Mzee gani wa Taita asiyeitikia salamu? Nikarudia kwa sauti. Akasimama. Nikaona kiraka cha gunia kwenye kiwiko. Akageuka, na mashavu yale nimekwisha kukueleza, kikombe cha bati mkononi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka. Alikuwa na uchovu wa mbeba mzigo aliyefika nyumba ambayo mwenyewe hayupo, na hawezi kuutua.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilikimbia! Niliteremka mbio, matawi yananichapa, nikahesabu nimefika barabarani, ukungu ukapasuka kidogo, na mbele yangu nikaona mgongo uleule na kiraka kilekile. Nikakimbilia upande mwingine. Nikamkuta. Hapo miguu ikaniishia kweli, na nikakumbuka maneno yake juu ya msitu ule. Aliye nje huzunguka, labda wa ndani amwite. Akainua mkono, akaniita kwa vidole.

Nikamfuata. Ungefanya nini wewe?

Kwenye nyumba hakuwepo. Kufuli ilikuwa na kutu mpya, nikaifungua kwa shida. Ndani harufu ya moshi wa zamani na udongo mbichi. Kigoda kilikuwepo, kimelala ubavu. Ukutani, mahali nilipotundika kamera, palikuwa na msumari wangu tu. Nikasimama katikati ya chumba nikiutazama msumari ule mtupu, najiuliza nifunge nini, maana hapakuwa na kitu cha kufunga.

Simu yangu ikalia. Bi Mwanaisha.

"We mwana, nakuona."

"Unaniona wapi, Bi?"

"Hapa, kwa skirini, niko na Wakesho. Umesimama unatazama juu kama kuku anywaye maji." Akajaribu kucheka, kicheko kikakatika. Sauti ikashuka. "Hebu nambie. Huyo mzee alokushika bega ni nani?"

Nilikuwa peke yangu. Nakuapia, mpaka aliposema neno hilo nilikuwa peke yangu. Kisha bega langu la kushoto likaingia baridi, na uzito, na unyevu ukapenya shati.

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitamwona kwa karibu kuliko anavyoweza kuonwa mtu. Lakini nikiwa nimesimama vile, akili ikanifunguka. Hakuwa na shida na mimi. Maji yale hayakuwa yangu. Hawezi kuyameza kwa sababu alishayatoa moyoni, na hawezi kuyatema kwa sababu mwenyewe hajafika. Alimwambia mate hayapiti kwenye waya. Wakajaribu, na yakakwama.

"Bi Mwanaisha," nikasema. "Mlete Wakesho."

"Huyu hata kusimama hawezi!"

"Mbebeni. Tafuta gari, barabara imetengenezwa. Mlete hivyo hivyo, leo, sasa."

"Yarabi. Na wewe?"

"Mimi sijaruhusiwa kuondoka."

Nikangoja. Sitakwambia ulikuwa muda gani, kwa sababu sijui. Ukungu ulikuja dirishani ukaondoka. Mkono haukutoka begani. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mkono, basi nikaanza kuongea. Nilimsimulia Mzee Mwakina habari za ndizi za Taveta, jinsi zinavyopangwa kwenye lori zisichubuke. Nilimsimulia mkonge unavyochoma macho. Nilimwambia binti yake anakuja, na kwamba hakuwa mbaya, alikuwa na haya tu. Nilihisi mkono ukilegea kidogo, au nilitaka kuhisi.

Nikasikia gari chini, kisha watu wanapanda wakihema. Bi Mwanaisha aliingia uani akimkokota Wakesho, buibui limejaa matope, anasoma dua bila kupumzika. Baba mdogo alisimama mbali, nje ya ua, kofia mkononi. Wakesho alipofika mlangoni alijishika kwenye mwimo. Alitazama juu ya bega langu. Machozi yakaanza kumtoka.

Hapo nikaona kosa. Yeye mlangoni, baba yake nyuma yangu, na mimi katikati. Nikataka kusogea pembeni. Mkono ukanishika, ama mimi mwenyewe nilishindwa, siwezi kujua.

Nikasikia pumzi ikivutwa. Kisha yakatoka. Manyunyu ya baridi yalinipiga kisogoni, yakanipita masikioni, nikayaona yakimwangukia Wakesho usoni, matone madogo yanang'aa. Sauti ya mzee ikasema maneno machache kwa Kidawida. Sikuyajua. Bi Mwanaisha anaapa hakusikia sauti yoyote. Lakini Wakesho aliyasikia. Alifungua kinywa, na maji yakamtoka, mengi, yakamwagika kizingitini mpaka miguuni mwake, na nyuma ya maji likatoka neno.

"Baba!"

Bega likawa jepesi. Nilipogeuka palikuwa na kigoda tu, kimesimama wima.

Baadaye Wakesho alinieleza maneno yale. "Alisema, hasira yangu nimeitema. Rudi ukalale, mama." Baba yake alikuwa akimwita mama tangu utoto, kwa kuwa ana jina la bibi yake, mama wa mzee.

Alipona. Sasa hivi anacheka kama zamani, ameikarabati nyumba, na kila likizo yuko Ronge anapanda maharagwe kando ya kaburi. Mashine haikubisha tena kwa Bi Mwanaisha. Ungesema kisa kimeisha vizuri, na kwa Wakesho kimeisha vizuri. Nashukuru.

Ila siku ile tulipokuwa tunateremka, baba mdogo alinivuta kando. Alinitazama kisogo, ambacho kilikuwa bado kimelowa.

"Kijana, watu wakitasa hakuna anayesimama kati yao. Amani huenda kwa mwana. Hasira huanguka chini, ardhi inaimeza."

"Na mimi nilipokuwa katikati?"

Alinipa leso yake nijifute, na alipoona nataka kumrudishia, akakataa kuipokea.

Najifuta tangu wakati huo. Kisogo hiki, kishike ukitaka, kina unyevu hata hapa Taveta kiangazi. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni hasira. Huja mchana, nikiwa nimekaa vizuri na watu, inapanda kutoka tumboni, kali, ya mzee, juu ya binti ambaye sina, kwa sababu ya msitu ambao si wangu. Nimepoteza marafiki. Kuna mwanamke tuliyekuwa tuoane, aliniona siku moja inavyonipanda, akafunga nguo zake. Nami sina wa kumtemea, kwa kuwa sijui ni nani aliyenikosea.

Na kompyuta nimeacha. Nikipiga simu ya kuonana, hata nikiwa katikati ya shamba la ndizi juani, aliye upande wa pili huniuliza: "Uko nyumba gani hiyo yenye kigoda?" Siku hizi hawaulizi sana juu ya kigoda. Wanauliza mbona nimenenepa mashavu.

Juzi hapa Bomeni alikuja msichana mmoja, alikuwa amesikia kwamba zamani nilikuwa fundi. Mama yake yuko juu milimani, mgonjwa, na yeye ana kazi dukani. Alitaka nimuunganishie kamera wawe wanaonana.

Nikamuuliza, "Mna ugomvi na mama?"

Akaangalia chini. "Kidogo tu. Wa zamani."

"Anataka mzungumze?"

"Anasema nipande. Lakini kaka, si tutaongea tu kwa skrini?"

Nilihisi ile hasira inaanza kunipanda tumboni, na mashavu yanajaa. Nikaiwahi kabla haijafika kinywani.

"Gari la mlimani linatoka saa hii," nikamwambia. "Kimbia."